Ng'ombeni Mbele ya Regeksi

Ukichuja orodha ya majina ya mahali ya Kwale kwa regeksi `^\w+$` ndani ya PostgreSQL, Diani, Msambweni, Ukunda na Kinondo hupita bila tatizo. Ng'ombeni, ya upande wa Matuga, hukataliwa. Lawama hupelekwa kwa regeksi, ilhali `\w` haijiamulii lolote: swali la kwamba alama fulani ni herufi au si herufi hujibiwa na lokali, yaani mpangilio wa lugha na eneo. Katika lokali ya C, herufi ni A hadi Z tu, kubwa na ndogo. Mgeni wa hoteli ya Diani aitwaye Müller hukatwa humo vipande viwili, "M" na "ller", na anayemtafuta "MÜLLER" kwa `~*`, isiyojali ukubwa wa herufi, haambulii kitu. Chini ya sw_KE.UTF-8 anapatikana, ingawa Kiswahili hakina ü, kwa kuwa lokali hiyo hutambua herufi za Unicode zote. Hoja kwamba Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida na hivyo C inatosha imesahau kuwa daftari la pwani lina majina ya watu wa kila bara.

Lakini lokali nzuri pekee haimwokoi Ng'ombeni. Ritifaa yake huja kwa sura tatu: U+0027 ya kibodi, U+2019 inayoingizwa na programu za kuandikia, na U+02BC. Mbili za kwanza si herufi, iwe kwa lokali za Unicode au kwa C. Ya tatu ni herufi kwa lokali za Unicode, si kwa C. Kwa macho ni jina moja, kwa mashine ni matatu. Kwa hiyo sura zote zigeuzwe U+0027 kabla ya kuhifadhiwa, kisha ruwaza iandikwe `^[\w']+$`.

Wapo watakaotetea C kwa wepesi wake wa kupanga na kutafuta, na hawakosei. Ila tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 lokali huchaguliwa kwa safu moja au hata kwa usemi mmoja, kwa `COLLATE`. Na toleo la 17 la 2024 lilileta C.UTF-8 ya ndani, inayopanga kwa namba za herufi huku ikiitambua ü. Lokali ya hifadhidata nzima huwekwa inapoundwa, na baada ya hapo Ctype, sehemu yake inayoamua kipi ni herufi, haibadilishwi. Basi kabla ya kuandika regeksi nyingine, andika `\l` kwenye psql usome safu za Ctype na Locale Provider.