Stenti bila eksirei: hesabu ya sentimita ya Tenwek

Saratani ya umio hujulikana kwanza kwenye sahani. Mgonjwa wa Dilolo, mji wa mpakani katika mkoa wetu wa Lualaba, Kongo, atakuambia bukari (ugali) inamkwama kifuani. Baada ya muda ataiteremsha kwa maji, kisha atabaki na uji, na mwishowe hata mate yatarudi. Akifika kwa daktari, mara nyingi uvimbe umeshaziba njia na kupenya ukuta wa umio, na kwa wengi wa hao upasuaji wa kuondoa ugonjwa hauwezekani tena. Kinachowezekana ni kumrudishia uwezo wa kumeza kwa kumwekea stenti, na kwa kawaida kazi hiyo ilifanywa penye eksirei ya picha inayotembea, ili daktari aone kwenye skrini kifaa kinapoketi ndani ya kifua.

Hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, iliifanya kazi hiyo bila mashine hiyo, tena kwa mamia ya wagonjwa. Mwaka 2001 daktari mpasuaji Russell White na wenzake, akiwamo Mark Topazian, walichapisha njia yao katika jarida la kitabibu la Marekani. Namna walivyofikiri ndiyo inayonivutia, kwa sababu Lualaba tuna madini ya kuwasha magari ya dunia nzima, na bado mgonjwa wa mpakani anaambiwa arudi nyumbani kwa kuwa mashine fulani haipo.

Stenti yenyewe ni bomba la waya mwembamba wa aloi ya nikeli na titani, limefumwa kama dema la samaki na kwa kawaida kuvikwa utando katikati ili uvimbe usipenye matunduni. Hufika likiwa limebanwa juu ya mrija mwembamba. Likiachiwa ndani ya umio hutanuka lenyewe na kuusukuma uvimbe pembeni. Shida ni kuliachia mahali panapostahili. Likikaa juu mno, sehemu ya chini ya uvimbe inabaki imeziba. Likikaa chini mno, chakula kinakwama juu yake. Na baadhi ya stenti hufupika zikitanuka, kwa hiyo urefu unaouona mkononi sio utakaobaki kifuani.

Sasa jiulize: eksirei ilikuwa inampa daktari habari gani hasa? Ilimwambia mambo mawili tu, uvimbe unaanzia na kuishia wapi, na stenti iko wapi ukilinganisha na uvimbe huo. Hayo mawili ni vipimo vya urefu, na urefu unaweza kupimwa kutoka nje ya mwili ukiwa na alama moja isiyosogea. Alama hiyo ni meno ya mbele ya mgonjwa.

Endoskopu, yaani mpira mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa mdomoni, una namba za sentimita ubavuni mwake. Kwa mtu mzima, mlango wa umio uko karibu sentimita 15 kutoka kwenye meno, na tumbo huanza karibu sentimita 40. Tuseme daktari anashusha mpira na kuona ukingo wa juu wa uvimbe namba ya 27 ikiwa menoni, na ukingo wa chini namba ikiwa 33. Uvimbe una sentimita 6. Anataka stenti ivuke kila ukingo kwa angalau sentimita 2, hivyo anachagua yenye sentimita 10 ikishatanuka, na ncha yake ya juu inapaswa kukaa kwenye 25. Anachukua mrija uliobeba stenti, anapima kutoka pale ncha ya juu itakapobaki baada ya kutanuka, anapanda sentimita 25 na kubandika kipande cha utepe. Utepe ukigusa meno, stenti iko mahali pake.

Kabla ya hapo kuna kazi ya mkono inayodai subira. Uvimbe ukiwa umebana kiasi kwamba mpira haupiti, waya mwongozo hutangulizwa hadi tumboni, kisha vipanuzi vya plastiki hupitishwa juu yake, chembamba kwanza na kinene baadaye. Hatua hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa umio wenye saratani hutoboka upesi, na mwenye haraka ya kupanua atatoboa. Njia ikishafunguka, mpira unapita, vipimo vinachukuliwa, waya unabaki tumboni na mrija wa stenti unateremshwa juu yake. Msaidizi hushika utepe palepale menoni wakati uzi wa kuachilia ukivutwa polepole. Kichwa cha mgonjwa lazima kibaki katika mkao uleule uliotumika kupima, maana shingo ikikunjwa au kunyooshwa sentimita zinabadilika na hesabu yote inapotea. Mwishoni mpira unarudishwa kukagua ncha ya juu. Stenti ikikaa chini mno inaweza kushikwa kwa koleo na kuvutwa juu kidogo. Kuisukuma chini ni kugumu zaidi. Kwa hiyo mwenye shaka na akosee kuelekea chini.

Fikra hii ya kuuliza kifaa kinampa daktari habari gani, wapasuaji wa utumbo wanaijua kutoka upande mwingine. Upasuaji wa matundu madogo ulipoenea, daktari alipata picha safi ya kamera lakini akapoteza hisia ya vidole: hakuweza tena kupapasa uvimbe ndani ya utumbo mpana au kuhisi mshipa unaodunda. Miaka ya 1990 wakaja na njia ya kurudisha mkono mmoja tumboni kupitia mkato wa sentimita 7 au 8, wenye kizibo kinachozuia gesi isitoke. Kamera ikaendelea kuona, mkono ukarudi kuhisi. Huko walikuwa na mashine na wakagundua kilichokosekana. Tenwek walikosa mashine, wakatafuta kile ambacho ingewaambia. Mimi naona kazi ya Tenwek ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu ukosefu wa kifaa huwa kisingizio kinachokubalika kila mahali, na wao hawakukikubali.

Matokeo waliyachapisha mwaka 2009 katika The Lancet Oncology: wagonjwa 951 waliowekewa stenti. Ugumu wa kumeza hupimwa kwa alama 0 hadi 4. 0 ni kula chochote, 3 ni vinywaji tu, 4 ni kushindwa hata kumeza mate. Wastani ulishuka kutoka 3.3 hadi 1.0, yaani kutoka uji mwepesi hadi karibu chakula cha kawaida. Nusu ya waliofuatiliwa waliishi siku 250 au zaidi. Stenti haiponyi saratani, na hilo mgonjwa aambiwe wazi kabla hajalala mezani. Lakini miezi minane ya kula na watoto wake si kitu kidogo, hasa Bomet, ambako ugonjwa huu huwashika hata vijana: mwaka 2010 hospitali hiyo iliripoti wagonjwa 109 wenye miaka 30 au chini ya hapo.

Njia hii ina mipaka. Uvimbe ulioziba kabisa hadi waya ukagoma kupita bado unahitaji eksirei. Uvimbe ulio karibu mno na mlango wa umio huacha stenti ikimkera mgonjwa kooni, na unaweza kubana njia ya hewa. Stenti inayovuka kuingia tumboni huruhusu tindikali kupanda, na mgonjwa atalazimika kulala kichwa kikiwa juu na kunywa dawa za kuipunguza. Bei nayo ilikuwa kizuizi kikubwa, ingawa muungano wa watafiti wa saratani ya umio barani Afrika umefanikiwa kupata stenti kwa bei nafuu kwa ajili ya vituo vya Kenya, Tanzania na Malawi, miongoni mwa nchi nyingine.

Kwetu Lualaba, ugumu ungekuja baada ya stenti kukaa. Mgonjwa atafundishwa kula ameketi wima, kutafuna sana, kulainisha bukari kwa mchuzi na kuepuka mapande ya nyama. Hata hivyo siku moja tonge litakwama ndani ya bomba, au uvimbe utakua juu ya ncha yake. Kuzibua hakudai eksirei wala stenti mpya kila mara. Kunadai mpira, umeme wa saa chache, dawa ya kuusafishia na mtu aliyefundishwa kuushika. Kutoka Dilolo hadi Kolwezi, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 400 za reli, na mtu asiyeweza kumeza maji hawezi kusubiri treni. Ningeanzisha kazi ya kuweka stenti Kolwezi, lakini mpira wa pili ungekwenda Dilolo kabla ya mgonjwa wa kwanza wa huko kuwekewa stenti.