Nani aliyebadilika, Suzanna au Sauti Sol?

Juma lililopita nilisahihisha insha thelathini na moja za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, na moja kati ya hizo ikaninyima usingizi. Swali lilikuwa jepesi: mteue mtunzi au kundi lolote linalotumia Kiswahili, kisha mwonyeshe jinsi kazi zake za baadaye zilivyoathiri hadhi ya zile za awali. Nilitarajia Kezilahabi, na Kezilahabi nikampata tele. Wengi walieleza, kwa maneno yaliyofanana mno kiasi cha kunitia shaka, kwamba aliyeandika Rosa Mistika na Kichwamaji alituacha mataani alipotuletea Nagona na Mzingile. Niliweka alama nikaendelea.

Kisha nikafikia insha ya binti mmoja aliyeandika kuhusu Sauti Sol. Hoja yake ilikuwa kwamba wimbo wa Lazizi ni mazoezi tu. Ati vijana wale walikuwa wakijifunza kuimba, na walipofika kwenye Suzanna mwaka 2020 ndipo walipohitimu.

Mazoezi! Niliiweka kalamu chini nikaenda kuchemsha chai.

Sharti nikiri mapema kwamba mimi si hakimu asiye na upande. Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya mashambani, nikiishi chumba kimoja na mwalimu mwenzangu wa Hisabati. Yeye ndiye aliyekuwa na simu yenye memori kadi. Albamu ya Mwanzo ilikuwa humo, na kila jioni tulipokaa kando ya jiko la makaa tukingoja ugali uive, alikuwa akiicheza kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Miaka ilipopita na kundi likawa kubwa, mwenzangu huyo alilitema. Ilipotoka video ya Nishike mwaka 2014, ile ambayo baadhi ya vituo vya televisheni vilikataa kuipeperusha, aliniambia, "Bwana, hawa si wetu tena." Alifariki mwaka 2019. Midnight Train hakuisikia. Kwa hivyo binti alipoandika neno "mazoezi", hakujua alikuwa amekanyaga kaburi la nani.

Hata hivyo hasira si hoja, na mwanafunzi ana haki ya kujibiwa kwa hoja.

Tuanze na shutuma ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa mashabiki wa rika langu: kwamba Sauti Sol walianza na Kiswahili wakaishia Kiingereza, na kwamba albamu ya Midnight Train imewaaibisha wale waliozitetea Mwanzo na Sol Filosofia. Nimewahi kuitoa shutuma hii mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya juu, kwenye mkahawa wa chuo. Sasa naona ni shutuma ya kivivu. Katika Mwanzo iyo hiyo tunayoitukuza kuna wimbo unaoitwa Blue Uniform, unaosimulia jinsi polisi wanavyomhangaisha kijana wa mjini. Jina lake ni la Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyelalamika. Jina la kundi lenyewe ni ndoa ya sauti ya Kiswahili na sol, jua la Kihispania. Wazee wetu je? Les Wanyika walichukua kibainishi cha Kifaransa wakakipachika kwa watu wa nyika, na hadi leo sijamsikia mlevi yeyote wa River Road akiuliza hiyo Les inafanya nini pale.

Na tukitaka kuwa wakali wa lugha, hata Lazizi ina dosari yake. Kamusi huliandika laazizi, kwa irabu mbili, nasi tunalihusisha na aziz ya Kiarabu, yaani kipenzi. Vijana walimeza irabu moja. Mimi, mwalimu wa sarufi, niliusikiliza wimbo huo mamia ya mara bila kuitafuta irabu iliyopotea. Mapenzi hayasahihishi tahajia.

Basi ikiwa Kiingereza si kosa, mbona albamu ile ya 2020 ilituacha wengi wetu na baridi? Nimeifikiria kwa siku kadhaa, na jibu langu nimelipata mahali ambapo mwalimu wa lugha huenda asingetafuta kwingine: katika viambishi na majina ya nyimbo.

Tazama. Nishike: kuna anayeamriwa, na kuna ni- ya mtendwa anayeomba kushikwa. Watu wawili tayari, katika neno moja. Sura Yako: kimilikishi cha nafsi ya pili, kwa hivyo mwenye sura yuko mbele yetu. Nerea na Isabella ni majina ya kuitia, kama mtu anayeita nyumba ya jirani kabla ya kubisha hodi. Nerea, waliomshirikisha Amos and Josh mwaka 2015, ni wimbo ninaokaribia kugombana nao kila ninapousikia, kwa kuwa unamsihi mwanamke asitoe mimba na wanaomsihi ni wanaume watupu. Lakini ugomvi huo unawezekana kwa sababu Nerea yupo. Ana jina, ana tumbo, ana uamuzi mgumu, na msikilizaji anaweza kuingia kati akasema mwacheni dada wa watu aamue. Hata wale polisi wa Blue Uniform ni watu wa mtaa unaojulikana. Katika kazi za awali na za katikati, kundi hili liliimba likimtazama mtu usoni.

Sasa geukia Midnight Train. Insecure. Sober. Hizo ni sifa zisizo na mwenye sifa. Ni hali za nafsi zinazoelea, na zingeweza kuimbwa Atlanta au Johannesburg bila kubadilishwa silabi. Ndiyo, zimeimbwa vizuri. Naweza kusema zimeimbwa vizuri kuliko chochote kilichomo katika Mwanzo, ambamo sauti bado zinanuka bweni la shule ya Upper Hill na ukumbi wa kwaya. Kilichopungua ni msemewa. Na msemewa anapopungua, shabiki wa zamani, aliyezoea kujiona yeye ndiye anayeambiwa, huhisi amegeuziwa kisogo. Halafu kwa kuwa hajui alichokikosa, huilaumu lugha.

(Nenda Lote naiweka kando. Ni jina la mtaani lililo tamu, lakini kila ninapolisikia sarufi yangu huuliza: lote lipi? Kivumishi kimekuja na ngeli yake, nomino imebaki nyumbani.)

Niliporidhika na nadharia hii nilijipigapiga kifua, kisha nikakumbuka jina lenyewe la albamu. Treni ya usiku. Nani katika rika langu asiyeijua? Nilipanda treni ya usiku ya zamani kutoka Nairobi hadi Mombasa nikiwa na miaka tisa, nikaamka Mariakani nikiona minazi kwa mara ya kwanza. Treni ile ilikoma kubeba abiria mwaka 2017 reli mpya ilipozinduliwa. Kwa hiyo jina la Kiingereza ambalo nilitaka kulihukumu kuwa halina mahali, kwangu lina mahali kuliko yote. Nadharia yangu ikapata ufa, nami nauacha ufa huo hapa msomaji auone.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wa albamu hiyo tulilisahau. Ilitoka Juni 2020. Tulikuwa chini ya kafyu. Vilabu vilikuwa vimefungwa, harusi zilihesabiwa watu, matamasha hayakuwapo. Linganisha na Live and Die in Afrika ya 2015, ambayo mashabiki waliruhusiwa kuipakua bure kwa muda mfupi. Huo ndio mwaka ambapo rais wa Marekani, Barack Obama, aliicheza lipala pamoja nao katika Ikulu ya Nairobi. Nyimbo hizo zilitufikia tukiwa wengi, jasho kwa jasho. Midnight Train ilimfikia kila mtu peke yake, kwenye spika za masikioni, akiwa na hofu ya kukohoa. Muziki wa kucheza hupata maana yake ya pili miguuni, na albamu hii ilinyimwa miguu. Hilo halikuwa kosa la watunzi, lakini linaingia katika daftari la jina lao.

Ndipo ninaporudi kwa Suzanna, na hapa sina budi kumpa binti yule haki yake. Suzanna imo katika albamu iyo hiyo ninayoishutumu. Ni Kiswahili kwa sehemu kubwa, ina jina la kuitia, ina gitaa linaloamkia zilizopendwa, na ina msemewa aliye hai: msichana aliyekuwa wa kawaida, akabadilika, akawasahau wa zamani. Sijui kama watunzi waliiona kejeli iliyomo. Kundi linamsuta msichana kwa kubadilika wakati ule ule ambapo mashabiki wake wanalisuta kundi kwa kosa hilo hilo. Maneno yote ambayo mwenzangu wa chumba alikuwa akiyasema kuhusu Sauti Sol, Sauti Sol waliyachukua wakamrushia Suzanna.

Nilimwita binti ofisini. Nilimuuliza alizisikia nyimbo hizi kwa mpangilio gani.

"Suzanna kwanza, Mwalimu. Nilikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa. Halafu nikarudi nyuma, nikasikiliza zote hadi Mwanzo."

"Na uliporudi nyuma ukaona mazoezi?"

"Niliona watoto, Mwalimu. Wazuri, lakini watoto. Samahani." Akanyamaza kidogo. "Lakini singewatafuta hao watoto kama si Suzanna."

Sikuwa na jibu la haraka. Sisi tuliozeeka na kundi huzichukulia kazi za baadaye kama kodi inayokatwa kwenye akiba ya zile za awali: kila albamu dhaifu inapunguza kitu. Yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, na kwake kazi ya baadaye ndiyo taa iliyommulikia ya kwanza. Kanda zile zile, masikio mawili, historia mbili. Na ukichunguza, yaliwakuta Les Wanyika vilevile. Sina Makosa ilivuma mwishoni mwa miaka ya 1970, na kila walichotoa baada yake kilipimwa kwa kijiti hicho. Kisha miaka ya 1990 wakaja na Amigo. Ninawajua watu wazima kabisa waliojifunza kuipenda Sina Makosa kwa sababu ya Amigo, na wengine ambao hadi leo hawataki Amigo itajwe karibu na Sina Makosa. Wote wawili hukutana klabuni Jumamosi wakacheza zote mbili.

Hata hao Kezilahabi kumi na kitu niliowasahihisha kwa uvivu inanibidi niwarudie. Ni rahisi kusema Nagona ilimpotezea msomaji wa kawaida. Lakini hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtu aliyesoma Nagona kwanza huwa anaisoma Kichwamaji ile ile tuliyoisoma sisi. Mimi nashuku anasoma kitabu kingine. Kazimoto wake tayari ana mzingile kichwani.

Tofauti moja ipo, na ni kubwa. Mwaka 2023 Sauti Sol walitangaza mapumziko yasiyo na tarehe ya kurudi, na Novemba wakatumbuiza Nairobi kwa kwaheri. Tangu hapo kila mmoja ameshika njia yake, na Bien anajaza kumbi peke yake. Kwa ghafla Midnight Train ikaacha kuwa albamu ya tano na ikawa ya mwisho. Cheo hicho hakikuombwa. Albamu ya tano inaweza kuwa dhaifu na ikasamehewa na ya sita. Ya mwisho hubeba mizigo ya zote, ikasikilizwa kama wosia. Naona hata wale waliokuwa wakiicheka sasa wanaichezea magari yao taratibu, wakitafuta ndani yake dalili kwamba kundi lilikuwa linaaga. Dalili hizo wanazipata. Ukizitafuta, huwezi kuzikosa.

Uamuzi wangu, kwa kuwa mhakiki hulipwa kuamua, ni huu. Midnight Train ni albamu iliyoimbwa na mafundi waliosahau kwa nusu saa nzima walikuwa wanamwimbia nani, wakakumbuka kwa nyimbo mbili au tatu. Haijaiharibu Mwanzo. Lazizi bado ina irabu moja pungufu na bado inanirudisha kando ya jiko la makaa. Lakini nimekubali kwamba jiko hilo ni langu na la marehemu, halimo ndani ya wimbo. Binti hakulikuta humo, na hakuwa na wajibu wa kulikuta.

Nilimpa alama sabini na mbili. Nilimkata kwa neno "mazoezi", nikaandika pembeni: thibitisha. Ameahidi kuniletea marekebisho Jumatatu, na ameniomba nimkopeshe kanda zangu za Les Wanyika.