Mwana Kupona Yuko Ukurasa Gani?

Kazi yangu ni kutunga faharasa, zile kurasa za mwisho wa kitabu ambazo hakuna anayezisifu, ila anayekosa kitu huzilaani. Mimi nimelaaniwa, tena kwa haki. Kitabu kilihusu ushairi wa pwani. Nilikuwa mgeni kazini, nikafuata ule mtindo wa kutanguliza jina la mwisho, nikaandika "Mshamu, Mwana Kupona binti". Mwalimu mmoja wa Lamu akanipigia simu. Amemtafuta penye Mwana, amemtafuta penye Kupona, hayupo. "Kwani umemrudisha kwa babake?"

Tangu siku hiyo nikipata kitabu cha Kiswahili naanzia nyuma, na mara nyingi naudhika. Ngũgĩ wa Thiong'o utamkuta penye T, na Thiong'o ni babake. Tena kuna msomaji aliyeokota nakala ya zamani ya *Weep Not, Child*, riwaya ya 1964, ambayo jaladani ina jina la James Ngugi. Huyo anahitaji mstari mmoja tu penye J: "James Ngugi, tazama Ngũgĩ wa Thiong'o". Mstari mmoja! Mhariri ataufuta, ati unajaza nafasi.

Lakini majina ni afadhali. Balaa lenyewe ni ngeli. Shairi liko S, mashairi M, mshairi pia M, washairi W, ushairi U. Jambo moja limetawanywa kama watoto wa marehemu, kila mmoja kwa shangazi yake. Wapokomo na Waswahili nao wamerundikana penye W, na anayetafuta Mijikenda aambulie patupu kwa sababu wamewekwa "Wamijikenda". Kamusi zetu zilishaamua zamani: nomino kwa umoja, kitenzi bila ku-. Kwa nini faharasa zijifanye hazijasikia? Mimi huanzia hapo, halafu naelekeza: "washairi, tazama mshairi".

Kuna wanaoniambia kompyuta itafanya. Ni kweli, ukiandika "shairi" itakuletea ushairi na mashairi yote, hata pale mwandishi alipotaja neno hilo kwa kupita tu. Ila ukurasa unaomzungumzia Mwana Kupona kama "mjane wa Siyu", bila jina, itauruka. Unahitaji mtu aliyesoma.

Na hata aliyesoma anaweza kumtesa msomaji. "Mombasa 3, 7, 11, 12, 19, 26, 31, 40." Sasa hiyo ni nini, namba za bahati nasibu? Nigawie: Mombasa ya Muyaka bin Haji, Mombasa chini ya Wamazrui, bandari. Mchapishaji mmoja aliwahi kunipa siku nne na kurasa mbili, kisha akakata vijisehemu vyote hivyo akaacha namba. Jina langu sikutaka liwekwe.

Kile kitabu cha ushairi wa pwani hakijapata toleo la pili. Ingizo lake ninalo daftarini, limeshapangwa:

Mwana Kupona binti Mshamu: ndoa na Bwana Mataka wa Siyu, ujane, utenzi wa 1858, wosia kwa bintiye, *tazama pia* Mwana Hashima.

Kupona, *tazama* Mwana Kupona.