Taulo Kwenye Nozeli

Nozeli zote 6 zilifunguliwa vizuri, zikapimwa presha, zikapangwa kwa namba zake. Hapo sina neno. Kisha fundi akavuta taulo la mtumba begani, akafuta midomo ya kuingizia dizeli na ncha za paipu. Mliokuwepo gereji ile ya Kasulu mliona. Kazi ya asubuhi nzima iliharibikia hapo.

Gari lenyewe Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, aina ile ile iliyozoeleka njia ya kambi za Nyarugusu na Nduta. Filta yake ya dizeli iko kabla ya pampu. Uchafu ukiingia baada ya pampu umeshaipita filta, na safari yake ni moja: kwenye sindano ya nozeli. Uwazi kati ya sindano na kasha lake ni maikroni 2 hadi 4 hivi. Unyuzi mmoja wa pamba unazidi maikroni 10. Taulo nalo limefumwa kwa vitanzi ili linywe maji, na vitanzi vilivyochoka kwa kufuliwa hunyofoka ukivigusa tu. Fundi akajitetea kwamba taulo linanyonya. Linanyonya, ndiyo. Alipeleke sakafuni.

Nimeshayalalamikia pia matambara ya kufutia yanayouzwa yakiwa yamechanganywa, pamba na poliesta fungu moja, na fundi hachambui. Fulana ya poliesta kwenye maji inasukuma tu, hainywi. Ikigusa ekzosi ya moto inayeyuka na kugandia pale. Ila poliesta ya kiwandani, ya nyuzi ndefu na kingo zilizochomwa, haitoi manyoya, nayo ndiyo ningeivumilia karibu na nozeli. Kwa bloku, dipstiki na mikono, nipe khanga kuukuu ya kiwanda cha Urafiki: pamba tupu, ufumaji bapa. Mpinzani wake sijamwona.

Mafundi pampu wa zamani hata khanga hiyo hawakuisogeza kwenye nozeli. Beseni safi, dizeli iliyochujwa, vidole vilivyooshwa, kisha chuma kinaachwa kichuruzike chenyewe. Siku hizi wanakimbilia kupuliza kwa kompresa, tena isiyo na kikinga maji!

Ukipeleka nozeli zako, Kasulu au Kibondo, uliza kwanza beseni la dizeli liko wapi. Ukioneshwa taulo, beba nozeli zako uondoke.