Habari ya Bajeti Iminywe Kama Karafuu

Huku Kidichi, Unguja, hakuna anayeiamini karafuu kwa macho. Huchukuliwa punje, ikaminywa kichwa kwa ukucha: mafuta yakitoka, ni karafuu. Kisha gunia hupekuliwa, isije ikawa kilo zimeongezwa kwa makonyo, yaani vikonyo vyake. Habari za fedha za Serikali nazipima vivyo hivyo.

Naanza na kitenzi. Kutenga, kutoa na kutumia ni mambo matatu mbalimbali. Bilioni zilizotengwa bado zimo kitabuni. Zilizotolewa zimeshatoka Hazina. Zilizotumika ndizo zenye darasa au barabara ya kuoneshwa. Kichwa cha habari kinachosema Serikali “yamwaga” mabilioni hakijasema hata moja kati ya hayo, nami gazeti hilo hulifungia mandazi. Lakini “yafuja” nalo, bila hoja ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nyuma yake, ni makonyo yale yale, gunia tofauti tu.

Baada ya hapo naangalia pengo kati ya mapato na matumizi. Bajeti ya Zanzibar ya 2023/2024 ilikuwa kiasi cha shilingi trilioni 2.8, ya 2024/2025 ikavuka trilioni 5.1. Habari nyepesi itashangilia ukubwa huo, au itautumia kututia hofu. Iliyokomaa inauliza: kodi na ushuru ni kiasi gani, mikopo na misaada kiasi gani? Nakisi haipimwi kwa wingi wa matumizi, bali kwa yale yanayozidi mapato. Tena deni la kujenga bandari si sawa na deni la kulipa mishahara, na mwandishi anayeyaita madeni yote “mzigo” hajafanya kazi yake.

 

Mwenye shamba naye, yaani mmiliki wa chombo cha habari, ajulikane. Shirika la utangazaji la ZBC na gazeti la Zanzibar Leo ni vya Serikali. Magazeti binafsi hutegemea matangazo, na Serikali ni mtangazaji mkubwa. Hilo halifanyi habari kuwa ya uongo. Linakuonesha tu swali lipi huenda halikuulizwa.

Mwandishi bora, kwangu, ni anayerudi. Hotuba ya bajeti husomwa kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani, wengi wakaandika siku ile wakamaliza. Basi kata habari hiyo, uitie kwenye mtoto wa meza. Ripoti ya Mkaguzi ya mwaka huo ikitoka, zisome pamoja.