Pwani Juu ya Meza

Mchezo wa manowari ndogo una umri wa zaidi ya karne moja. Mwingereza Fred T. Jane alitoa kanuni zake mwaka 1898. Mmarekani Fletcher Pratt akachapisha zake mwaka 1940, wachezaji wakisogeza vielelezo sakafuni na kukadiria masafa kwa macho. Katika bahari kuu fundi hana kazi kubwa: kitambaa cha buluu chatosha. Kazi huanza pwani inapoingia mezani, na hapo ndipo sanaa hii inapostahili kuhakikiwa kama sanaa nyingine yoyote.

Mtihani wake mkubwa ni delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikoko ya delta hiyo. Ilifikiwa mwisho wake tarehe 11 Julai 1915 na mizinga ya Severn na Mersey, meli zilizoweza kupita katika maji yasiyotimia mita 2.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Kwa kipimo cha 1 kwa 1,200, Königsberg yenye urefu wa mita 115 haifiki sentimita 10. Lakini masafa ya kilomita 9 na zaidi yaliyozitenga meli hizo yangedai meza ya mita 7 na ushei. Basi fundi hutumia vipimo viwili, kimoja cha meli na kingine cha bahari. Mshairi hawezi kumlaumu, kwani naye hutia miaka kumi katika mizani zile zile zinazobeba pumzi moja. Ila mto ukifuata kipimo cha bahari, meli huuziba ukingo kwa ukingo. Fundi hodari huupanua mto, akakubali uongo mdogo ili ukweli mkubwa upate njia.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Fundi wengi hukata nchi kwa mstari mmoja, wakaizungushia sifongo la kijani. Pwani ya mikoko haina mstari huo. Maji yakijaa hupwa, na palipokuwa njia asubuhi huwa tope adhuhuri. Afadhali mafungu ya kadibodi nyembamba yanayowekwa na kuondolewa kila baada ya zamu kadhaa kuliko ufuko mzuri uliogandishwa kwa gundi.

Tena, mchezaji hutazama kutoka juu. Mwaka 1915 jicho hilo lilikuwa la ndege zilizoruka kutoka Mafia peke yake; wapiga mizinga waliona majani tu. Meza inayompa kila mtu jicho la ndege huifuta siri iliyoiweka Königsberg hai kwa miezi. Mikoko iwe pazia, isiwe pambo.

Hata hivyo, kuna asiyeonekana hata kwa jicho hilo. Delta hiyo ilikuwa na mashamba ya mpunga na wakataji wa boriti zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba. Kwa kipimo cha 1 kwa 1,200 mtu hana hata milimita 2, lakini shamba lake laonekana, na mtumbwi wake pia. Fundi anayeviacha hakushindwa na udogo. Amechagua pwani isiyo na wenyewe, na pwani ya namna hiyo haikupata kuwako Rufiji.