Shoka Husomwa Kwenye Kisiki

Abiria wengi wa barabara ya TANZAM wanaijua Mikumi kwa wanyama. Kwa kilomita zipatazo 50 basi linakatiza hifadhini, matuta yanalipunguza mwendo, watu wanachungulia madirishani wakitafuta twiga na nyati, halafu unakuja mji wa Mikumi wenye moshi wa nyama choma, na safari ya Iringa inaendelea. Wachache hukunja kulia pale mjini na kushika njia ya Kilosa. Upande huo kuna miombo ya vijiji: Ihombwe, Kitunduweta, Ulaya Mbuyuni (Ulaya hii haina theluji). Misitu yake imejaa visiki, na visiki hivyo ndivyo vilivyonifanya nianze kuliheshimu shoka.

Kisiki kilichoachwa na fundi hakihitaji maelezo. Kinasimama juu kidogo ya udongo, hakikukwanguliwa hadi mizizini. Uso wake umelala mshazari, maji ya mvua yanateleza na kwenda zake badala ya kutuama na kuozesha moyo wa mti. Alama za makali ni pana, laini, chache, zimefuatana. Na gome, hili ndilo kubwa, limeshikamana na mti pande zote. Kisiki cha mbabaishaji kina meno. Kimepasuka katikati kwa sababu mti ulianguka kabla ya wakati wake, na gome limevuka upande mmoja kama soksi iliyolegea.

Tofauti hiyo si ya urembo. Myombo, mtondoro, mlama na miti mingine mingi ya misitu hii haifi kwa kukatwa. Mizizi inabaki hai, na chini ya gome la kisiki kuna macho yaliyolala miaka yote yakingoja mwanga. Mvua zikianza, macho hayo yanatoa machipukizi, tena mengi, yanagombania nafasi mpaka mawili au matatu yanayashinda mengine. Chipukizi lililotoka penye gome zima linajenga shina imara. Lililotoka penye gome lililobanduka huvunjika kwa upepo likiwa bado changa. Kwa hiyo anayekata ndiye anayepanda, ingawa hashiki mbegu wala jembe.

Watu wa mjini wamezoea shoka la dukani, lenye tundu. Mti wa mpini unapita ndani ya chuma, kisha unakazwa kwa kabari. Ni shoka zuri, sina ugomvi nalo, na kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo kiliwahi kusambaza zana zake nchi nzima. Lakini lina tabia moja ya kuudhi: kila pigo linakitikisa kichwa chake, na mwenye nalo huishia kulilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mpini uvimbe na kukaza. Siku likikauka katikati ya kazi, waliosimama mbele wajihadhari.

Shoka la mhunzi wa kijijini limepinduliwa. Hapa chuma ndicho kinachoingia kwenye mti. Nyuma ya makali kuna mkia mwembamba, na mkia huo unapenya katika rungu la mpini, yaani ule unene wa mwisho wake. Unapopiga, nguvu ya pigo inausukuma mkia ndani zaidi. Shoka hili linakaza kadiri linavyofanya kazi. Ukitaka kulitoa ulinoe vizuri au ulipeleke kufuliwa upya, unaligonga kwa nyuma na linatoka. Na kama mkia umefuliwa kwa pembe nne, unaweza kuuchomoa, ukaugeuza robo ya mzunguko na kuurudisha: sasa una tezo mkononi, ya kuchongea mzinga wa nyuki, kinu au mwiko. Hakuna skrubu, hakuna spana, hakuna kijitabu cha maelekezo. Wahandisi wangelipwa fedha nyingi kwa wazo kama hili, lakini aliyelianzisha hakuacha hata jina.

Rungu la mpini halichongwi kutoka kwenye mti wowote ulionyooka. Linatafutwa pale tawi linapokutana na shina, au pale mzizi unaponenepa, kwa sababu nyuzi za mti mahali hapo zimesokotana na hazipasuki kirahisi. Mkole unapendwa kwa mipini kwa kuwa unanyumbulika na kuumeza mshtuko usifike begani. Mpingo, pamoja na sifa zake zote za filimbi na vinyago, ni mzito mno kwa kazi ya kutwa. Atakayeutia kwenye shoka atakuwa amejichosha kabla hajaugusa mti.

Chuma chenyewe kinatoka barabarani. Malori yanayopandisha mizigo kwenda Zambia na Kongo hukatika springi, na bamba la springi lililotupwa na dereva ni mali kwa mhunzi. Lina kaboni ya kutosha kushika makali, na lina ule uvumilivu wa chuma kilichotengenezwa ili kipinde bila kuvunjika. Mhunzi analichoma mpaka liwive, analikata, analifua juu ya fuawe, ambayo mara nyingi nayo ni kipande cha kitu kingine kilichokuwa na maisha yake ya awali. Mivukuto ya ngozi imepungua. Mahali pengi upepo unatoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Moto ni wa mkaa, kwa hiyo shoka huzaliwa ndani ya kitu kilekile litakachokwenda kukitafuta msituni.

Sehemu ngumu huja mwisho. Chuma kilichochovywa majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu hadi kinameguka kama hakikulegezwa. Mhunzi anakirudisha kwenye joto dogo na kutazama rangi zikitembea juu ya makali yaliyosuguliwa: manjano ya majani makavu, kahawia, kisha zambarau inayokaribia bluu. Rangi ikipita mahali pake, makali yatajikunja kwenye mti wa kwanza. Isipofika, yatang'oka vipande. Hana kipimajoto. Ana kivuli cha banda lake na macho yake, na kijana aliyeleta kazi, akishatoa shikamoo yake na kuketi, anajua asiongee dakika hizo.

Ufundi huu ni wa zamani katika ukanda huu. Dakawa, kaskazini mwa mji wa Morogoro, waakiolojia wamefukua mabaki ya kazi ya chuma ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Katika karne ya 19 jembe la chuma lilitumika kama fedha sehemu nyingi za bara. Leo hakuna anayeyeyusha mawe ya chuma, malori yamemaliza haja hiyo, lakini mkono unaofua ni uleule.

Sasa mti. Anayejua hapigi mara afikapo. Anauzunguka. Anatazama juu, kwanza matawi makavu, kwa sababu tawi moja lililokufa likidondoka linammaliza mtu kabla shina halijatikisika. Anatazama mti umeegemea wapi, unabeba uzito upande gani, utaangukia nini. Anafyeka vichaka miguuni na kusafisha njia ya kukimbilia, mshazari kwenda nyuma. Kazi hiyo isiyo na jasho huwachosha watazamaji. Wao walikuja kuona vibanzi vikiruka.

Kisha mikono miwili. Mkono wa chini umeshika mwisho wa mpini na hauhami. Mkono wa juu unasafiri: unaanza karibu na rungu wakati shoka linapandishwa, na linaposhuka unateleza hadi kukutana na mwenzake. Nguvu haitoki mikononi. Inatoka kiunoni na kwenye uzito wa chuma kinachoachiwa kianguke. Anayesukuma shoka kwa misuli anachoka asubuhi; anayeliacha liende anafika jioni. Pigo moja linakuja mshazari kutoka juu, la pili mshazari kutoka chini, na kati yao kibanzi kipana kinaruka. Mdomo unafunguliwa upande ule mti utakaoangukia, halafu anahamia nyuma na kuanza juu kidogo ya mdomo. Katikati inabaki bawaba nyembamba ya mti mzima, na bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti ukienda chini. Ukiikata yote kwa pupa, mti unaamua wenyewe pa kwenda. Ukiiacha nene mno, shina linapasuka kwa urefu na kuondoka na gome la kisiki. Kujua pigo lipi ni la mwisho ndiko kunakomtofautisha fundi na mwenye nguvu.

Mikono ikiwa miwili kwenye mpini, hakuna mkono wa kujikinga. Hata watunzi wa michezo ya kompyuta waliliona hilo. Katika NetHack, mchezo uliotolewa mwaka 1987 ambao bado unachezwa, shujaa anashuka ghorofa kwa ghorofa katika mapango yenye mazimwi, na akichagua shoka la vita lazima alishike kwa mikono miwili na aache ngao. Kuna shoka moja la pekee humo, liitwalo Cleaver, ambalo katika matoleo ya karibuni linaweza kuwafikia maadui watatu waliosimama bega kwa bega kwa pigo moja. Mchezo huo una busara zake: mashoka yake hushika kutu, na mchezaji anaweza hata kukata mti kwa shoka. Lakini mti ukikatwa mle unatoweka, na mahali pake panabaki sakafu tupu. Hakuna kisiki. Nadhani ndiyo maana mashoka ya kubuni huniacha nikitaka zaidi: yanakata vitu visivyokumbuka kwamba vimekatwa.

Tembo wa Mikumi, kwa upande wao, wanaacha visiki vya fujo kabisa. Wanasukuma miti, wanavunja, wanamenya magome, na miombo huchipua kwa shida zake. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Ndani yake wao ndio wakata miti pekee wenye ruhusa, na hakuna anayewakagua.

Nje ya mipaka hiyo kuna ukaguzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji njia ya kumiliki na kusimamia misitu yao, na kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa viliingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA pamoja na wenzao, kwa fedha za Uswisi. Utaratibu wake ulilipa shoka ramani. Msitu uliotengwa kwa mkaa unagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kinakatwa kimoja, cha jirani kinaachwa, mithili ya ubao wa drafti, ili kila kitalu kilichovunwa kizungukwe na miti hai. Kitalu kikishakatwa kinapumzika kwa miaka 24. Miti ya mbao kama mninga haiguswi kwa ajili ya mkaa, wala miti ya kando ya vyanzo vya maji. Kamati ya maliasili ya kijiji ndiyo inayosimamia, na ushuru unabaki kijijini. Humo yametoka madarasa na zahanati.

Kwa macho yangu jambo la maana zaidi katika utaratibu huo ni dogo: kwamba mchoma mkaa hufundishwa pia namna ya kuacha kisiki. Kwa miaka mingi alikuwa akitajwa kama mharibifu tu, mtu wa kukimbizwa na kunyang'anywa magunia. Hapa amepewa hadhi ya fundi mwenye kitalu chake, na kazi yake inaweza kukaguliwa mvua moja baadaye kwa kuhesabu machipukizi. Msumeno wa mnyororo unakata haraka na kupoteza vibanzi vichache, sikatai, na kisiki chake kinaweza kuchipua vizuri. Ila unarahisisha mno kuendelea. Shoka linamlazimisha mtu apumzike kati ya mti na mti, na katika mapumziko hayo anapata nafasi ya kuutazama unaofuata na kuamua kuuacha.

Hesabu ya miaka ina utata wake. Kitalu kilichokatwa mwaka 2014 kitarudiwa mwaka 2038. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Machipukizi yatakomaa miaka minne baada ya mteja mkubwa wa mkaa, Dar es Salaam, kutakiwa awe amehamia kwenye gesi na umeme. Hilo halinisumbui. Shina la miaka 24 linaweza kuwa nguzo, linaweza kubeba mizinga, au linaweza kuachwa liendelee kusimama, kijiji kitaamua.

Ninachokitilia shaka ni banda la mhunzi. Mikumi ina chuo cha ufundi cha VETA, na ningependa siku moja kimwalike mhunzi mmoja wa kijijini aje na springi yake, feni yake ya baiskeli na gunia la mkaa, awaonyeshe wanafunzi wanaojifunza ufundi wa chuma zile rangi zinavyotembea kutoka manjano hadi bluu, na wapi pa kuzisimamisha. Alipwe kwa siku kama mkufunzi mwingine yeyote, na asiulizwe cheti.